Kutafuta Namba 108

Amri ya kwanza aliyonifundisha msimamizi wangu haikuwa ya kutafuta, ilikuwa ya kuficha. Unaandika maneno mawili, hide everything, unabonyeza, na protini yote inatoweka. Skrini inabaki nyeusi. Nilishtuka, nikadhani nimeharibu kazi ya wiki nzima.

"Hujafuta kitu," aliniambia. "Kila atomu iko palepale ilipokuwa. Sasa ziite zile unazozihitaji, moja baada ya nyingine."

Huo ulikuwa mwezi wa pili wa masomo yangu ya uzamili. Wiki ile nzima nilikuwa naizungusha ile protini kwa kipanya, kushoto, kulia, juu, chini, nikitumaini kwamba nikiitazama muda mrefu itanionyesha yenyewe ninachokitafuta. Haikunionyesha. Ni kama kusimama juu ya daraja la waenda kwa miguu pale Manzese, saa kumi na moja jioni, ukimtafuta mtu mmoja unayemjua. Unaona watu, humwoni mtu.

Programu ninayoitumia inaitwa PyMOL. Iliandikwa na Mmarekani Warren DeLano, ikatolewa mwaka 2000, na toleo lake la chanzo huria bado linapatikana bure, jambo lisilo dogo kwa mwanafunzi anayehesabu nauli. Kazi yake ni kuchukua faili lenye orodha ya atomu, kila moja na mahali ilipo, na kukuchorea umbo lake. Mafaili yenyewe yanatoka kwenye hazina ya dunia ya maumbo ya molekuli za uhai, Protein Data Bank, iliyoanza mwaka 1971 ikiwa na maumbo 7 na leo ina zaidi ya 200,000. Yeyote mwenye bando anaweza kuyapakua.

Nilijifunza mapema kwamba ukubwa wa modeli ni tatizo la kweli. Siku moja, kwa kiherehere tu, nilipakua modeli ya ganda la ndani la kirusi cha UKIMWI, ile iliyotolewa mwaka 2013. Ganda hilo limejengwa kwa nakala 1,356 za protini moja, na faili lake lina atomu zaidi ya milioni 2. Laptopu yangu ilivuma kama jenereta, ikaganda, ikazima. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba hata muundo wa zamani wa mafaili haya haukutarajia mambo kama hayo. Ulipangwa enzi za kadi za kutobolewa, mstari mmoja nafasi 80, na namba ya atomu ilitengewa tarakimu 5 tu. Ukifika 99,999 nafasi imekwisha. Kila mnyororo wa protini nao ulipewa jina la herufi moja, kwa hiyo herufi zikiisha, majina yamekwisha. Ndiyo maana modeli kubwa siku hizi huhifadhiwa kwa muundo mwingine usio na mipaka hiyo.

Kumbe ustadi wa kazi hii si kuona vingi, ni kujua kuuliza. PyMOL ina lugha yake ndogo ya kuchuja. Unaweza kusema: nipe mnyororo A tu. Toa maji yote. Nipe kila kilicho ndani ya angstrom 5 kutoka kwenye dawa, na angstrom moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita. Unaunganisha masharti kwa "na", "au" na "si", na kila sharti linapunguza umati uliosimama mbele yako. Mwishowe zinabaki chache unazoweza kuzihesabu kwa vidole.

Mama yangu hufanya kazi hiyohiyo kwa machungwa. Kwetu ni Muheza, mkoani Tanga. Msimu ukifika huketi barazani mbele ya lundo na kuanza kuchambua: makubwa ni ya kwenda Dar, ya wastani ni ya gulio, yaliyochubuka ni ya kuuza leoleo. Yaliyooza anayatupa bila kuyatazama mara mbili. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naliogopa lile lundo, naona halitaisha. Yeye sijawahi kumwona akilitazama lundo. Hutazama chungwa lililo mkononi.

Protini yangu ni kimeng'enya cha kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum. Kwa kifupi huitwa DHFR-TS. Ni mnyororo wa asidi amino 608, na kazi yake ni kukisaidia kimelea kutengeneza malighafi ya DNA. Ukikizuia kimeng'enya hiki, kimelea hakiwezi kuzaliana. Pirimethamini, moja ya dawa mbili zilizomo ndani ya kidonge cha SP, hufanya hivyo hasa: inaingia kwenye mfuko ulio ndani ya kimeng'enya, inakaa, kazi inasimama. Mwenzake, salfadoksini, huzuia kimeng'enya kingine cha njia ileile.

Mwaka 2003 wanasayansi wa Thailand na wenzao walichapisha maumbo ya kimeng'enya hiki, yaliyopatikana kwa kupitisha eksirei kwenye fuwele zake. Kuna faili 1J3I, la kimelea ambacho bado dawa inakiweza. Kuna 1J3J, la kimelea sugu chenye mabadiliko mawili, pirimethamini ikiwa ndani yake. Kazi niliyopewa ilikuwa kuyalinganisha.

Nikayalaza mafaili yale mawili, moja juu ya jingine, yakakaa sawasawa isipokuwa hapa na pale. Nikaficha kila kitu. Nikaomba asidi amino namba 108, mnyororo A. Kwa faili la kwanza programu ikajibu kwa mstari mmoja: atomu 6. Kwa faili la pili: atomu 8.

Sita ni serini. Nane ni asparajini. Hidrojeni hazimo kwenye hesabu, maana ni ndogo mno kuonekana kwa eksirei za ubora ule. Nikairudisha dawa peke yake, ikasimama kando ya namba 108 katika lile giza. Upande mmoja wa pirimethamini una pete yenye klorini, na pete ile inaelekea hasa pale. Serini ni fupi, inaiachia nafasi. Asparajini ni ndefu kidogo, inaisukuma, na dawa haiketi tena vizuri. Kwenye jeni, tofauti yote hiyo ni herufi moja: AGC imekuwa AAC.

Atomu mbili zaidi. Nilikaa nikiziangalia mpaka umeme ukakatika na betri ikaanza kulalamika. Sikuwa nafikiria tasnifu. Nilikuwa namfikiria mdogo wangu.

Alikufa mwaka 2004, wakati wa masika. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, mimi nilikuwa na miaka mitano. Ninachokumbuka kwa macho yangu mwenyewe ni kidogo: kijiko, sukari, bibi akimshika miguu. Mengine nimeyasikia kwa Mama, na Mama huyasimulia kwa namna moja siku zote. Alipata homa. Akapelekwa zahanati. Akapewa SP, nusu kidonge, ikasagwa, ikachanganywa na maji ya sukari. Jioni ileile akatapika. "Alitapika, nikanyamaza." Kesho yake homa ikashuka, akacheza. Baada ya siku kumi na kitu ikarudi kwa nguvu, na safari hii hata hospitali hawakuweza kitu.

"Alitapika, nikanyamaza." Sentensi hiyo nimeisikia kwenye misiba ya watu wengine. Nimeisikia akichambua machungwa. Nimeisikia siku aliponisindikiza stendi nikija chuoni. Hakuwahi kuiongezea neno, na nyumbani wote tulijua maana yake: ningerudi kuomba dozi nyingine, angekuwa hai.

Sasa utaelewa nilichodhani nimekiona kwenye skrini. Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001 kwa sababu ya usugu, ikaiweka SP kuwa dawa ya kwanza ya malaria, mpaka dawa mseto ya ALu ilipoingia mwaka 2006. Na Muheza, Muheza yetu, ilikuwa miongoni mwa sehemu ambako watafiti walikuwa wakiripoti usugu dhidi ya SP tangu miaka ya 1990. Mwaka uleule wa 2004 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba jeni sugu za DHFR zilizokuwa zikienea Afrika zina asili ya Asia ya Kusini-Mashariki. Atomu zile mbili zilikuwa zimevuka bahari. Tena homa inayoshuka kisha ikarudi baada ya wiki moja au mbili ni dalili inayojulikana ya dawa iliyopunguza vimelea bila kuvimaliza.

Nilijiona nina hukumu mkononi, hukumu ya kumwachia Mama huru. Hata maneno nilishayapanga: Mama, si wewe, ni asparajini.

Wiki iliyofuata nilimpelekea msimamizi rasimu ya matokeo. Nilikuwa nimeandika kwamba sehemu fulani ya kiungo, kile kinachounganisha nusu mbili za protini, "haipo" katika umbo hilo, kwa sababu nilipoitafuta kwa namba zake programu ilijibu: atomu 0. Akapiga mstari chini ya neno "haipo".

"Haipo wapi?" akauliza. "Kwenye kimelea au kwenye faili?"

Sehemu ile ipo. Bila hiyo mnyororo ungekatika. Lakini huchezacheza, haitulii kwenye fuwele, na eksirei haikuweza kuinasa. Waliotengeneza faili hawakutaka kubuni, wakaiacha. Sifuri ile haikuniambia lolote kuhusu kimelea, iliniambia kilichorekodiwa kinaishia wapi. Na kosa la kinyume chake nilishalifanya pia. Kuna siku nilitafuta namba 108 bila kutaja mnyororo, nikapata mara mbili ya nilichotarajia, kwa sababu protini hii imekaa mapacha na kila pacha ana 108 yake. Programu haikukosea mara zote mbili. Ilijibu nilichouliza, ndani ya kile ilichopewa.

Usiku ule nikalirudia swali langu la nyumbani kwa utaratibu uleule. Kimelea kilichomuua mdogo wangu, namba 108? Hakuna faili. Hakuna mtu aliyechukua tone la damu yake kwa ajili hiyo. Huenda hata hadubini haikutumika, maana siku zile homa ya mtoto mara nyingi ilitibiwa kama malaria bila kupimwa. Nilichokuwa nacho mimi ni umbo la kimelea cha mbali na ripoti kuhusu Muheza kwa jumla. Kimelea chake kingeweza kuwa sugu. Ingeweza pia kuwa ni kile kidonge kilichotapikwa. Vingeweza kuwa vyote viwili. Na mtoto akitapika muda mfupi baada ya kunywa dawa, anatakiwa apewe tena. Hilo kila mwanafunzi wa fani yetu analijua, na siwezi kulificha kwa amri ya maneno mawili kwa sababu tu linamuumiza mama yangu.

Nilikwenda nyumbani mwezi wa Julai. Mama alikuwa barazani na lundo lake. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?" Kama kawaida. Sikuwa nimepanga kumwonyesha chochote. Yeye mwenyewe aliniuliza baada ya chakula cha jioni, kama anavyouliza kila nikienda, huko chuoni hasa unafanya nini, na safari hii nikafungua laptopu juu ya mkeka.

Nikamwonyesha protini nzima, utepe uliojikunja na kujikunja tena. "Kama uzi wa kufumia uliochezewa na paka," akasema. Nikaficha kila kitu. Nikairudisha dawa. Nikairudisha 108, ile ya kwanza, kisha ile ya pili.

"Tofauti ni hiki kinundu?"

"Hichohicho."

"Ndicho kilichofanya SP ishindwe?"

"Ni kimojawapo, Mama. Viko vingine, lakini mara nyingi hiki ndicho hutangulia."

Akaivuta laptopu karibu, mwanga wa skrini ukampiga usoni. Nililijua swali linalokuja.

"Na wa kwetu alikuwa nacho?"

Jibu tamu nilikuwa nimelibeba miezi mingi. Nikamwambia: "Sijui, Mama. Hakuna aliyepima. Ninachojua ni kwamba hapa kwetu vimelea vya namna hii vilikuwapo. Inawezekana hata angerudiwa dozi isingesaidia. Inawezekana pia ingesaidia. Kweli sijui."

Hakulia, wala hakunijibu. Alichukua chungwa kutoka kwenye tenga lililokuwa karibu naye, akaligeuza, akaliweka kwenye fungu la gulio. Halafu akasema, bila kunitazama, "Mimi asubuhi nilirudi."

Sikuelewa. "Ulirudi wapi?"

"Zahanati. Asubuhi yake. Usiku ule mvua ilikuwa kubwa na kulikuwa kumefungwa, kwa hiyo nilinyamaza mpaka kukapambazuka. Nikambeba mgongoni nikaenda. Wakamshika kipaji, wakasema homa imeshuka, dawa imeingia, nenda nyumbani mama. Nikaenda."

Miaka ishirini. Nikamuuliza kwa nini hajawahi kutuambia. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Haikusaidia kitu. Na hamkuuliza. Ningesema ili iweje?"

Nilikosa la kusema. Mara zote nilizoisikia ile sentensi, kilichofuata nilikijaza mwenyewe. Alinyamaza: basi nikaona mama aliyekaa ndani, siku baada ya siku, mtoto akizidiwa. Kumbe alinyamaza usiku mmoja. Nilikuwa nimeuliza kila kitu kuhusu namba 108, kwa mnyororo, kwa umbali, kwa masharti matatu matatu, na mama yangu sikuwahi kumuuliza neno jepesi kuliko yote: halafu?

Yeye alishahama. "Sasa kama hii SP yenu imeshindwa," akasema, "mbona dada yako kliniki wamempa juzi, kaimeza mbele ya muuguzi?"

Dada ni mjamzito. Nikamweleza kwamba yeye hakupewa kwa kutibiwa, amepewa kwa kukingwa. Wajawazito bado wanapewa SP kwa vipindi wanapohudhuria kliniki, na bado inasaidia watoto wasizaliwe na uzito mdogo, hata mahali penye usugu. Kazi ya kumponya mtoto mwenye homa ndiyo imeishinda.

"Kwa hiyo imekufa, lakini haijafa."

"Ni hivyo, Mama."

"Basi tafuteni nyingine kabla haijafa kabisa."

Nikamwonyesha kitu kimoja cha mwisho. Ndani ya lile faili la kwanza, 1J3I, mna molekuli nyingine, si pirimethamini. Inaitwa WR99210, na ina mkia unaopinda, kwa hiyo inaweza kumkwepa 108 hata akiwa asparajini. Kwa kuyasoma maumbo haya, kundi la Thailand lilibuni dawa inayoitwa P218, ambayo imefikia majaribio ya awali kwa binadamu. Mama aliutazama ule mkia kwa muda. "Huyu anapita kwa ubavu," akasema, "kama mtu kwenye daladala iliyojaa." Sijapata maelezo bora zaidi kwenye makala yoyote.

Tasnifu yangu sasa iko sura ya nne. Chini ya kila picha nimeandika kilichofichwa: maji yameondolewa, mnyororo B umefichwa, sehemu ya kiungo haikuonekana kwenye fuwele. Msimamizi anasema maelezo yangu ni marefu kuliko kawaida, lakini hajayakata. Kuhusu mdogo wangu sikuandika chochote humo. Si mahali pake.

Jumapili iliyopita nilimpigia Mama. Tukazungumza bei ya machungwa, mguu wa bibi, kliniki ya dada. Kabla sijakata nikamuuliza, "Mama, kabla ya ile homa, kabla ya yote. Alikuwaje?"

Simu ilikaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha nikamsikia akicheka kidogo.

"Huyo? Huyo alikuwa mwizi wa sukari," akasema, na akaanza kunisimulia.